Ditlev Gothard Monrad, mchungaji aliyeandika katiba ya Denmark: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wadenmark wengi wakisikia jina la Monrad hukumbuka mwaka mmoja tu, 1864, mwaka waliopigwa vitani hadi nchi yao ikabaki kipande. Ni kumbukumbu ya haki, lakini imemmeza mtu mzima. Mkono uliotia wino kwenye rasimu ya katiba yao ulikuwa mkono huohuo. Maswali yafuatayo ndiyo watu huuliza zaidi juu yake.

Monrad alikuwa nani?

Alikuwa mchungaji wa Kilutheri, mhariri, waziri, askofu mara mbili, mkuu wa serikali mara moja, na kwa miaka mitatu hivi mkulima porini New Zealand. Alizaliwa Copenhagen tarehe 24 Novemba 1811 na akafariki Nykøbing, katika kisiwa cha Falster, tarehe 28 Machi 1887.

Alikulia katika familia ya aina gani?

Haikuwa familia ya raha. Baba yake alikuwa mwanasheria aliyeugua akili, na mtoto akalelewa na jamaa zake wafanyabiashara katika mji mdogo wa Præstø. Ilitarajiwa naye ashike biashara, lakini kichwa chake kilikuwa kwenye vitabu. Alipelekwa shule ya Kilatini ya Vordingborg, akaingia Chuo Kikuu cha Copenhagen mwaka 1830 na kuhitimu theolojia mwaka 1836. Kisha akazama katika lugha za Kisemiti na Kiajemi. Ndoto yake ya kwanza ilikuwa usomi wa lugha, wala si bunge wala mimbari. Nalikumbuka hilo kila ninapoona anaitwa mtu wa tamaa ya madaraka.

Basi alianza kuwa mchungaji ndipo akaingia siasa, au siasa zilitangulia?

Siasa zilitangulia. Watu humwita “mchungaji aliyegeuka mwanasiasa”, na si uongo, kwa sababu alitoka kwenye usharika akaingia moja kwa moja kwenye baraza la mawaziri. Lakini miaka kabla ya kubarikiwa alikuwa tayari anaandika vijitabu vya siasa, akianza mwaka 1839, na alishiriki uhariri wa gazeti la Fædrelandet, yaani “Nchi ya Baba”.

Denmark ya wakati huo haikuwa na bunge lenye meno. Tangu 1660 mfalme alitawala peke yake, bila katiba ya kumbana. Katika miaka ya 1830 mfalme aliruhusu mabaraza ya ushauri, likiwemo moja Roskilde na jingine Viborg, lakini kushauri si kuamua. Vijana wasomi wa Copenhagen, waliojiita Waliberali wa Taifa, walitaka mambo mawili kwa pamoja: utawala wa katiba, na mpaka wa kusini wa nchi uwekwe kwenye mto Ejder, ukingo wa kusini wa jimbo la Slesvig. Msemaji wao mwenye moto alikuwa mwanasheria Orla Lehmann. Monrad alikuwa mtu wa kalamu, mtulivu zaidi, mwenye kupanga hoja kama mwashi anavyopanga matofali.

Mwaka 1846 ndipo alipobarikiwa kuwa mchungaji wa Vester Ulslev, usharika wa wakulima katika kisiwa cha Lolland. Alikaa huko chini ya miaka miwili.

Ni kweli aliandika katiba peke yake?

Rasimu ya kwanza, ndiyo, kwa sehemu kubwa mno ni kazi yake. Katiba iliyopitishwa ni kazi ya wengi.

Mfalme Christian VIII alikufa tarehe 20 Januari 1848. Mwezi mmoja baadaye Paris ikalipuka, mfalme wa Ufaransa akakimbia, na habari zikapita Ulaya kama moto kwenye nyasi kavu. Huku nyumbani, Wajerumani wa majimbo ya Slesvig na Holsten walikuwa wanadai kujitenga. Usiku wa tarehe 20 Machi raia wa Copenhagen walikutana katika ukumbi wa Casino, na kesho yake maelfu yao wakaandamana hadi ikulu kumtaka mfalme mpya, Frederik VII, abadili serikali. Mfalme akawajibu kwamba amekwisha kuwaachisha mawaziri wake. Tarehe 22 Machi likaundwa baraza jipya, na mchungaji wa Vester Ulslev, mwenye umri wa miaka 36, akawa waziri wa kanisa na elimu.

Ndiye aliyepewa kazi ya kuandika rasimu. Alichota kwenye katiba ya Norway ya 1814 na ya Ubelgiji ya 1831, akaangalia hali ya nchi yake, akaandika. Lehmann akaipitia lugha. Bunge la Katiba lilianza kukaa tarehe 23 Oktoba 1848. Monrad mwenyewe aliondoka serikalini Novemba ya mwaka huo, lakini maandishi yake yakabaki mezani. Mfalme alitia saini tarehe 5 Juni 1849, na hadi leo tarehe 5 Juni ni Siku ya Katiba nchini Denmark.

Katiba hiyo ilimpa nani kura?

Wanaume wa miaka 30 na zaidi wenye kaya zao wenyewe. Kwa Ulaya ya 1849 hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa kuwa mkulima mdogo alipiga kura sawa na tajiri. Lakini mtumishi aliyelala nyumbani kwa bwana wake hakuwa na kura, wala aliyepokea msaada wa maskini bila kuurudisha, wala mwanamke yeyote. Wanawake walisubiri hadi 1915. Siwezi kuisifu katiba hiyo bila kulitaja hili, maana zaidi ya nusu ya watu wazima walibaki nje ya mlango.

“Kanisa la Watu” ni nini, na Monrad anahusikaje?

Kwa msomaji Mlutheri wa Tanzania au Kenya hili ndilo jambo la kusimama nalo kidogo.

Chini ya utawala wa mfalme, kanisa la Denmark lilikuwa kanisa la dola: kuzaliwa Mdenmark ilikuwa karibu sawa na kubatizwa Mlutheri. Katika rasimu ya Monrad likaingia neno folkekirke, yaani kanisa la watu. Kifungu kinasema kanisa la Kiinjili la Kilutheri ndilo kanisa la watu wa Denmark, na kwa hiyo linategemezwa na serikali. Pamoja na hilo, katiba ilimpa kila raia uhuru wa kuabudu kwa imani yake, na ikakataza mtu kunyimwa haki za kiraia kwa sababu ya dini. Kanisa lilibaki karibu na serikali, lakini si kwa sababu dola imeamuru mtu aamini. Ni kwa sababu watu wengi ndio waumini wake.

Katiba iliahidi pia kwamba utaratibu wa ndani wa kanisa hilo utapangwa kwa sheria. Ahadi hiyo haikutimizwa kamwe kwa namna iliyokusudiwa. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) lina katiba yake, Mkutano Mkuu wake na Mkuu wa Kanisa. Kanisa la Denmark halina sinodi ya kuamua mambo yake wala askofu mkuu. Sheria zake hutungwa na bunge, na lina waziri wake katika serikali. Mlutheri wa Moshi au Bukoba akifika Copenhagen na kuambiwa kwamba wabunge, wakiwemo wasioamini, ndio wanaotunga sheria za kanisa, hushangaa. Chanzo cha mshangao huo ni sentensi chache za 1849.

Aliupataje uaskofu, na kwa nini alinyang'anywa?

Mwaka 1849 aliteuliwa askofu wa Lolland-Falster, moja ya dayosisi ndogo za nchi. Alikuwa na miaka 37. Hakuacha siasa, na serikali ya kihafidhina ya A. S. Ørsted ilipojaribu kuibana katiba, Monrad aliipinga waziwazi. Mwaka 1854 akafukuzwa kazi. Askofu kufukuzwa kwa sababu ya msimamo wake bungeni ni jambo zito, na kwa maoni yangu ndiyo saa yake njema kuliko zote: alijua atakachopoteza, naye alikuwa na mke na watoto wa kulisha.

Upepo ulipogeuka akarudishwa kwenye kazi za elimu, kisha mwaka 1859 akawa tena waziri wa kanisa na elimu.

Ilikuwaje akawa mkuu wa serikali wakati mbaya kuliko wote?

Kwanza tuelewe ugomvi wenyewe. Mfalme wa Denmark alitawala pia majimbo matatu ya kusini: Slesvig, Holsten na Lauenborg. Holsten na Lauenborg yalikuwa ya Wajerumani na yamo katika Shirikisho la Ujerumani. Slesvig ilikuwa mchanganyiko, kaskazini Wadenmark, kusini Wajerumani, na katikati watu waliosema lugha zote mbili. Vita vya kwanza juu ya majimbo hayo vilipiganwa 1848 hadi 1851. Denmark ikatoka na ushindi wa jina, lakini kwa masharti: iliahidi mataifa makubwa kwamba haitaifunga Slesvig kwa Denmark zaidi ya ilivyoifunga Holsten.

Novemba 1863 bunge likapitisha katiba mpya ya pamoja kwa Denmark na Slesvig. Ahadi ikavunjwa mchana kweupe. Frederik VII akafa tarehe 15 Novemba kabla hajatia saini. Mrithi wake, Christian IX, aliisaini tarehe 18 kwa shingo upande, huku Copenhagen ikichemka. Huko Berlin Otto von Bismarck, waziri mkuu wa Prusia, dola kubwa la Kijerumani, alikuwa amengoja sababu, naye akapewa. Serikali ya C. C. Hall ilijiuzulu, wanasiasa wazoefu wakakwepa kiti, na tarehe 31 Desemba 1863 Monrad akakikalia.

Prusia na Austria zilivuka mto Ejder tarehe 1 Februari 1864. Wadenmark waliitegemea Dannevirke, ngome ya kale ya udongo ambayo kwao ilikuwa zaidi ya ngome, ilikuwa hadithi ya taifa. Lakini maji na matope ya kandoni mwake yaliyotakiwa kumzuia adui yaliganda kwa baridi, na jeshi lilikuwa dogo mno kwa mstari mrefu vile. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari Jenerali de Meza aliwaondoa askari kimyakimya kwenye theluji. Aliokoa jeshi. Copenhagen ilipopata habari, watu waliwaka kwa hasira, na jenerali akaondolewa.

Jeshi likajichimbia Dybbøl, mkabala na mji wa Sønderborg. Prusia ilikuwa na mizinga ya kisasa ya masafa marefu na bunduki za kujaza risasi kwa nyuma, ambazo askari huweza kuzijaza akiwa amelala. Mdenmark alijaza yake kwa mdomo wa mtutu, tena akiwa amesimama. Makamanda waliomba ruhusa ya kurudi nyuma hadi kisiwa cha Als. Serikali ilikataa, kwa sababu mkutano wa amani ulikuwa unakaribia kufanyika London, na Monrad alitaka kuingia humo akiwa bado ameshika Dybbøl. Tarehe 18 Aprili 1864, saa nne asubuhi, Prusia ilishambulia. Ndani ya saa chache karibu askari 5,000 wa Denmark walikuwa wameuawa, wamejeruhiwa au wametekwa.

Je, angeweza kuokoa kitu London?

Ndiyo, naamini angeweza, na hapa ndipo lawama inapomkaa sawasawa. Mkutano ulifunguliwa tarehe 25 Aprili. Ukapatikana usitishaji wa mapigano, na wazo la kuigawa Slesvig likawekwa mezani. Uingereza ilitaka mpaka ulio kusini zaidi, Prusia ilitaka ulio kaskazini, na hatimaye ikapendekezwa apatikane mwamuzi wa kuchora mstari. Mgawanyo wowote kati ya hiyo ungeiachia Denmark sehemu ya Slesvig.

Monrad aliyumba. Alikuwa mtu aliyeona uzito wa kila upande, na safari hii kuona pande zote kulimgandisha. Badala ya kumpa mfalme ushauri ulionyooka, alimwachia uamuzi. Mfalme naye hakutaka kuubeba peke yake. Denmark ikakataa kila kitu, mkutano ukavunjika tarehe 25 Juni, na siku nne baadaye Prusia ikavuka kwa mashua usiku na kuitwaa Als. Mfalme alimwondoa Monrad mwezi Julai.

Kwa mkataba wa Vienna wa tarehe 30 Oktoba 1864 majimbo yote matatu yakaenda. Idadi ya watu chini ya mfalme ilishuka kutoka takribani milioni 2.6 hadi milioni 1.6, na Wadenmark wengi wa kaskazini mwa Slesvig wakajikuta raia wa nchi nyingine bila kuhama nyumba. Sehemu hiyo ilirudi Denmark mwaka 1920, kwa kura ya wananchi wenyewe. Mpaka wa leo haukuwa mbali na mistari iliyojadiliwa London. Hilo huniuma kila nikilisoma, nikiwafikiria vijana walioandikishwa jeshi la Ujerumani kati ya 1914 na 1918.

Nimeona tamthilia ya televisheni inamwonyesha kama mwendawazimu. Ni kweli?

Tamthilia ya mwaka 2014 ilimkuza sana. Wapo wataalamu wa Denmark waliochunguza barua na mwenendo wake na kuona dalili za ugonjwa wa hisia, wa kupanda na kushuka: vipindi vya nguvu zisizo za kawaida, kisha vipindi vya giza. Historia ya baba yake huongezwa kwenye hoja hiyo. Lakini kumpima mtu aliyekwisha kufa ni kazi ya tahadhari. Na hata kama aliugua, uamuzi wa 1863 na 1864 haukuwa wa kichwa kimoja. Bunge, magazeti na umati wa Copenhagen ulitaka Slesvig yote. Kumwita Monrad kichaa kunawaondolea wengine wote mzigo wao, na hilo si haki.

Kwa nini alihamia New Zealand?

Alikuwa amevunjika, na alitaka kwenda mbali kadiri dunia ilivyoruhusu. Mwishoni mwa 1865 aliondoka na mkewe Emilie na watoto, na mwaka 1866 wakajenga makazi Karere, katika eneo la Manawatu, karibu na mahali ulipo leo mji wa Palmerston North. Msitu ulikuwa mnene. Mtu aliyekuwa mkuu wa serikali alishika shoka, akaangusha miti, akafuga ng'ombe na kuwakamua. Waliomtembelea waliona vitabu na picha za thamani ndani ya nyumba ya mbao.

Kusini mwa Taranaki vikazuka vita kati ya serikali ya kikoloni na wapiganaji wa Kimaori wa Titokowaru, wakitetea ardhi waliyokuwa wakinyang'anywa. Hofu ilifika hadi Manawatu na familia ikalazimika kuhama kwa muda. Mwaka 1869 Monrad na mkewe walirudi Denmark. Wanawe wawili, Viggo na Johannes, walibaki kulima.

Kabla ya kuondoka aliipa nchi ile zawadi: takribani picha 600 zilizochapwa kutoka kwenye sahani za shaba na mbao zilizochongwa, zikiwemo kazi za Rembrandt na Dürer. Leo ziko katika jumba la makumbusho la Te Papa, Wellington.

Aliporudi alifanya nini?

Alirudi mwanzo. Akakubali usharika wa kawaida wa Brønshøj, nje kidogo ya Copenhagen, na mwaka 1871 akawekwa tena kuwa askofu wa dayosisi ileile aliyofukuzwa, Lolland-Falster. Aliitumikia hadi kufa. Mwaka 1876 alitoa kitabu juu ya maombi, Fra Bønnens Verden, yaani “Kutoka Ulimwengu wa Sala”, kikatafsiriwa kwa lugha nyingine za Ulaya. Kilisomwa na watu wengi ambao hawakujali siasa zake hata kidogo.

Siasa zenyewe hazikumwacha. Mwaka 1882 akachaguliwa tena bungeni, akiwa na miaka 70.

Je, ndiye Monrad aliyekuwa mchungaji Ghana?

Hapana, ingawa swali ni zuri. Huyo ni Hans Christian Monrad, mchungaji wa ngome ya Christiansborg, Accra, kuanzia 1805 hadi 1809, Denmark ilipokuwa na ngome katika pwani hiyo. Aliporudi kwao aliandika kitabu juu ya watu na nchi aliyoiona. Ditlev Gothard hakuwahi kutumikia Afrika.

Wapo wachungaji wengine wa Denmark walioingia bungeni?

Wapo. Mashuhuri kuliko wote ni N. F. S. Grundtvig, mchungaji na mtunzi wa tenzi, aliyekaa katika Bunge la Katiba lililojadili rasimu ya Monrad. Mawazo yake juu ya shule za watu wazima yalienea nchi za Skandinavia, na kupitia Sweden yakafika Tanzania katika Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vya miaka ya 1970. Karibu na wakati wetu, Søren Krarup, mchungaji wa Seem huko Jutland, alikaa bungeni kwa chama cha Dansk Folkeparti kuanzia 2001 hadi 2011. Msimamo wake mkali dhidi ya wahamiaji na Uislamu unajulikana, nami siushiriki.

Alama zake zinaonekana wapi leo?

Palmerston North kuna shule yenye jina lake. Dybbøl, mahandaki bado yanaonekana chini ya majani, na kila tarehe 18 Aprili watu hukusanyika hapo kuwakumbuka waliouawa. Katiba yenyewe imerekebishwa mara kadhaa, mara ya mwisho mwaka 1953. Kifungu cha kanisa la watu ni cha 4 sasa, na maneno yake ni karibu yaleyale yaliyoandikwa mwaka 1848 na mchungaji aliyekuwa ndio kwanza ametoka Vester Ulslev.